Mlango wa Kijani kwa Mafuta ya Pamba

Kwa miaka kumi na minane nililipwa kutazama weupe. Katika kiwanda cha kuchambua pamba pembeni mwa mji wa Kahama nilikuwa na meza ndefu, mbele ya dirisha ambalo halikuwahi kuingiza jua moja kwa moja. Niliwekewa matonge ya pamba, nami nikasema hili ni safi, hili ni fifi. Safi ni daraja la kwanza. Fifi ni ile iliyoguswa na mvua au vumbi au wadudu, ingawa mtu asiyejua ataapa kwamba ni nyeupe kama nyingine. Mimi niliona nyeupe ya maziwa, nyeupe ya samli, nyeupe ya jivu na nyeupe ya jino la mvuta sigara. Mtaani Nyasubi waliniita Bwana Pamba. Sikuona sababu ya kulikataa jina hilo.

Katikati ya miaka ya tisini msimu wetu wa kazi ulianza kufupika. Wanunuzi binafsi waliingia, pamba ikapelekwa huku na huku, na sisi wa mezani tukawa tunaitwa mwezi wa saba na kuagwa mwezi wa tisa. Miezi iliyobaki ilikuwa yangu. Wanaume wengi wa rika langu waliitumia kwenye machimbo ya dhahabu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa na duara huko Kharumwa, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na kila alipokuja kututembelea alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kandambili. Alinisihi nikafanye kazi naye. Nilimwambia sipendi kuingia mahali ambapo siwezi kuona rangi ya kitu ninachokishika.

Badala yake nilianza kuchora picha ndogo kwa rangi za mafuta, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, bila mwalimu.

Chanzo kilikuwa misumari. Nilikwenda kuinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa Tinde na kuongea Kisukuma kilichonyooka kuliko changu. Asubuhi aliwasalimu wateja wa kutoka vijijini "mwangaluka" kabla hawajafungua midomo. Alipokuwa akiitafuta misumari ya inchi moja, alitoa chini ya kaunta sanduku bapa la mbao lenye vumbi, akalitazama kana kwamba limemtukana.

"Bwana Pamba, wewe si mtu wa rangi?"

"Wa rangi moja tu, mzee."

"Basi hizi ziko kumi na mbili. Padri mmoja aliziagiza, akahamishwa kabla hazijafika. Zimekaa na mimi kuliko wakwe zangu."

Ndani mlikuwa na tyubu kumi na mbili ndogo, brashi tatu, chupa ya mafuta ya kitani ya kulainishia rangi, na kijitabu cha Kiingereza kilicholiwa na mchwa kuanzia ukurasa wa thelathini. Alinipa vyote kwa sharti moja: kila nitakachochora nimwonyeshe yeye kwanza.

"Nataka kujua nimetupa nini," alisema.

Nilikisoma kijitabu kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku. Kisha nikakata vipande vya hadibodi vilivyobaki fundi alipotuwekea dari, kila kimoja ukubwa wa postikadi. Sababu ya kwanza ya udogo huo ilikuwa ubahili, kwa kuwa tyubu zenyewe hazikuzidi kidole gumba. Raha yake niliigundua baadaye. Picha ya ukubwa wa postikadi inaisha kabla mwanga haujahama. Nilianza saa mbili asubuhi kwenye dirisha la sebuleni, lililoelekea upande uleule na lile la kiwandani, na saa tano nilikuwa ninaosha brashi. Tena kwenye kibao kidogo huna pa kujificha. Mchirizi mmoja ukikosea, robo ya picha imeharibika, na unaiona palepale.

Kitu cha kwanza kukichora kilikuwa kitunguu. Nilikubaliana na mke wangu kwamba kitunguu ni changu hadi saa tano, baada ya hapo ni cha mchuzi. Hakuniongezea hata dakika. Daftari langu, kwa maana nilikuwa na daftari la majaribio kama lile la kiwandani, linaonyesha vitunguu saba mfululizo, na tulivila vyote. Katika kitunguu cha kwanza kivuli nilikipaka cheusi, kikaonekana kama shimo ambalo kitunguu kiko karibu kutumbukia. Ilinichukua hadi cha nne kukubali kilichokuwa mbele ya macho yangu, kwamba kivuli juu ya kitambaa cheupe kina buluu ndani yake, na ukingoni kinachukua zambarau ya kitunguu chenyewe. Miaka kumi na minane nilikuwa nimetazama weupe, sikuwahi kutazama kivuli chake.

Nilimpelekea mzee hicho cha nne, pamoja na cha saba. Alivaa miwani.

"Kimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakijafa, mzee. Kimeelekea dirishani."

"Na hicho kingine je?"

Nilimwonyesha. Alikaa nacho muda mrefu kidogo, akakinusa, akanirudishia bila kukitafutia ugonjwa. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyepewa cheti.

Shemeji ndiye aliyekuwa mkosoaji mgumu. Nilimwonyesha kiberiti nilichokichora kwa siku mbili, na hata herufi za kwenye boksi nilikuwa nimezitia. Alikigeuzageuza kibao kwa vidole vyake vyekundu.

"Shemeji, kiberiti ninacho mfukoni. Tena changu kinawaka."

"Chako kitaisha."

"Na chako kimeisha kabla hakijaanza."

Mke wangu alicheka hadi akalazimika kuweka mwiko chini. Niliandika katika daftari: kiberiti, siku mbili, kimekauka siku ya nne, maoni ya wageni hayakusaidia. Safu ya siku za kukauka niliijaza kwa uangalifu kuliko zote. Kwa mafuta ya kitani, katika kiangazi chetu, picha nyembamba ilishikika siku ya nne, mara chache ya tano. Kila nilipobadilisha kitu chochote, rangi au mafuta au ubao, nilijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni na kungoja. Hiyo ilikuwa kanuni yangu pekee, nami niliivunja mara moja tu.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwaka uliofuata. Tulikuwa tumeagwa kiwandani. Nilipoingia dukani kwa mzee nilikuta nusu ya rafu ziko tupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeuza, Bwana Pamba. Jumatatu, si hii, ile inayofuata, ninakwenda Isaka kupanda treni."

Alinieleza akiwa amesimama, kama mtu anayesoma orodha. Mkewe alikuwa ametangulia Dar es Salaam kwa binti yao kwa sababu ya macho. Daktari alikuwa amefanya alichoweza. Bibi yule sasa aliona kitu pale tu alipokisogeza karibu na uso, karibu kabisa. Mnunuzi wa duka alikuwa na fedha za dhahabu na alitaka kujenga gesti ya ghorofa moja, hivyo sehemu ya mbele, mlango wa kijani wa mbao mbili, ukuta wa chokaa na baraza ya saruji, vingevunjwa wiki ileile mzee anayoondoka. Bibi alikaa kwenye baraza ile kwa miaka thelathini na mmoja. Katika barua yake, iliyoandikwa na binti, alikuwa ameomba kitu kimoja.

"Anasema nimletee mlango."

"Mzee, mpiga picha wa studio alikuja mwezi wa nne. Picha si ipo?"

"Ipo. Mpiga picha alinisimamisha mbele ya mlango, nikauziba wote. Inanionyesha mimi. Mimi ananijua."

Alinitazama juu ya miwani. "Chora mlango. Mdogo, aushike mkononi, ausogeze machoni. Usinichore mimi."

Nilihesabu papo hapo. Siku kumi na mbili. Asubuhi tatu za kuchora, siku tano za kukauka, nne za akiba. Nilikubali kwa sauti ya mtu mwenye akiba.

Asubuhi ya kwanza, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ng'ambo ya barabara, niliinua chupa ya mafuta ya kitani na kukuta yamebaki matone. Dukani kwa mzee hayakuwapo tena. Ya karibu yalikuwa Mwanza, labda. Ndipo nikafikiri, na hapa niseme wazi kwamba nilifikiri kwa utaratibu mzuri. Kitani ni mmea unaotoa nyuzi za nguo. Mafuta yake hukamuliwa kwenye mbegu. Pamba ni mmea unaotoa nyuzi za nguo. Mafuta yake hukamuliwa kwenye mbegu. Nilikuwa nimeishi na pamba nusu ya maisha yangu, imenilisha, imenivalisha, imenipa jina. Mtu wa Tanga au Mbeya asingewaza hivyo. Mimi nilirudi nyumbani, nikaingia jikoni wakati mke wangu yuko kisimani, nikamimina mafuta ya kupikia ya pamba kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi. Kipande cha majaribio sikukifanya. Nilijiambia siku hazitoshi.

Rangi ililainika vizuri ajabu. Brashi haikuwahi kuteleza hivyo. Mlango nilichanganya kijani na kahawia kidogo, kwa sababu kijani chake kilikuwa kimechoka upande wa jua. Baraza nikaipa kijivu chenye joto. Na ukuta, ukuta ndio niliofaidi. Niliutia nyeupe tano tofauti, kuanzia ya maziwa chini ya paa hadi ya samli kando ya bawaba. Hakuna mtu Kahama nzima ambaye angeweza kuupaka ukuta ule kama mimi.

Siku ya tatu mzee alivuka barabara, akainama.

"Huu ukuta ni wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Wangu haujawahi kuoga."

"Nimeutazama vizuri. Ni daraja la kwanza."

"Mm," alisema, akarudi kufunga masanduku.

Nikaanza kungoja. Siku ya nne nikagusa pembeni kwa kidole: mbichi. Ya tano, mbichi. Ya sita nzi alitua juu ya anga na akabaki hapo akitafakari, ikabidi nimtoe kwa sindano, akaacha mguu. Ya saba niliandika katika daftari "bado" na kupigia mstari. Mzee asingeweza kuifunga ile picha kwenye karatasi wala kuiweka kati ya nguo. Angefika Dar es Salaam na kanzu yenye mlango wa kijani.

Jioni hiyo mke wangu aliinua chupa yake ya mafuta kwenye mwanga.

"Baba, mafuta yangu yamepungua na hakuna kilichokaangwa."

Nilimweleza. Nilimpa hoja yote, kitani, nyuzi, mbegu, pamba. Alinisikiliza hadi mwisho, akinyoosha shingo mara moja kutazama picha iliyokuwa juu ya kabati.

"Kuna siku umeona sufuria yangu ya maandazi ikikauka yenyewe?"

"Hapana."

"Doa la kwenye kanga yangu ya harusi ya mdogo wako, limekauka?"

"Halijakauka."

"Mafuta ya pamba hayakauki. Yanasubiri sabuni. Ungeniuliza."

Daftari la majaribio lenye safu saba, na jibu lilikuwa limekaa jikoni kwangu miaka yote.

Shemeji, aliyefika kutoka Kharumwa siku iliyofuata, alifurahishwa na habari hii kuliko inavyofaa. Alishauri jiko la mkaa. Tuliishikilia picha juu ya makaa kwa koleo, mbali kiasi, na baada ya dakika kumi kona moja ya hadibodi ilianza kupinda kama dagaa anayekaangwa. Nikasema basi. Akashauri jua.

"Sisi mchanga wetu tunauanika juani, shemeji, unakauka nusu saa."

"Mchanga wenu una maji. Hii ina mafuta ya dada yako."

Hata hivyo tuliianika, juu ya paa la banda la kuku, ikitazama mbinguni. Siku zilizobaki zilikuwa tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikiilinda dhidi ya kuku, kisha nikaingia ndani kunywa maji. Hayo tu, maji.

Wa kwetu wanajua upepo wa mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza. Kisulisuli kilitoka barabarani, upande malori ya machimboni yanakopita, chembamba kama mtu, chekundu, kikazunguka uani, kikachukua ndala moja ya shemeji na kuipeleka kwa jirani, kikaondoka. Nilitoka nikakuta mlango, baraza, ukuta wenye nyeupe tano na anga vyote vimekuwa rangi moja, ile ya shemeji.

"Sasa inafanana na mimi," alisema. Kisha alipoiona sura yangu alikwenda kutafuta ndala yake.

Nilikuwa na asubuhi mbili. Kuchora upya kulihitaji tatu, na mafuta mengine hayakuwapo. Nilichukua sindano, pamba kidogo iliyofungwa kwenye kijiti, na kioo cha kukuzia nilichokuwa nikitazamia urefu wa nyuzi kiwandani, nikaanza kulitoa vumbi punje kwa punje kutoka juu kwenda chini. Anga lilichukua asubuhi nzima. Asubuhi ya pili nilisafisha paa na mlango, nikashuka ukutani hadi usawa wa bawaba ya chini. Hapo saa ikaisha. Chini ya bawaba, kuelekea baraza, ukuta ulibaki mwekundu, umekolea kwenye saruji na kufifia kadiri unavyopanda, pale pamba yangu ilipopapasa kwa haraka. Kwa kipimo changu cha kazi ilikuwa fifi isiyokubalika.

Jumatatu nilimkuta mzee amekaa juu ya sanduku mbele ya duka, gari la kwenda Isaka likipakiwa. Nilikuwa nimetengeneza kisanduku chembamba cha mbao chenye vijiti pembeni ili uso wa picha usiguswe na kitu. Nilimpa nikaanza kuomba radhi kabla hajakifungua. Nilitaja mafuta, kuku, kisulisuli. Nilisema upande wa chini sikuwahi kuusafisha, na kwamba akinipa anwani ningemtumia nyingine iliyo safi.

Alifungua. Alivua miwani, akasogeza picha karibu, akairudisha mbali. Kisha akageuza shingo kuutazama ukuta wenyewe nyuma yake, nami nikautazama pamoja naye.

Ulikuwa mwekundu chini. Umekolea kwenye saruji, umefifia hadi usawa wa bawaba. Nilikuwa nimekaa mbele yake asubuhi tatu na sikuuona, kwa sababu jicho langu lilifundishwa kuutoa uchafu kwanza na kutazama kinachobaki.

"Unajua hii imetoka wapi?" mzee aliuliza, akigonga wekundu ule kwa kisigino. "Ni yeye. Kila asubuhi alimwaga ndoo ya maji hapa kulaza vumbi. Maji yanaruka, udongo unapanda ukutani. Miaka thelathini na mmoja nagombana naye kuhusu hii chokaa."

"Kwa hiyo niiache?"

"Ukiigusa nitakurudishia mafuta yako ya kupikia."

"Bado ni mbichi, mzee. Usiiguse uso. Itachukua muda."

"Muda gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Alifunga kisanduku, akakiweka juu ya magoti, na alipopanda gari alikibeba kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Mke wangu alikuwa amemtumia maandazi ya njiani. Yalikuwa yamekaangwa kwa mafuta yaliyobaki.

Duka lilivunjwa Alhamisi. Nilikwenda kutazama kidogo, nikarudi, kwa kuwa vumbi lilikuwa jingi.

Barua ilifika katikati ya mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeshaanza. Mwandiko ulikuwa wa binti yake. Alisema mama alikishika kibao kwa mikono miwili, akakisogeza, akakisogeza tena, wote wakamwambia mama angalia, ni kibichi, naye akaendelea hadi kilipogusa uso. Aliutaja mlango. Akateremka taratibu, akafika chini ya ukuta, akaanza kucheka, akamwambia baba, "Unaona, hata mchoraji alijua nilimwaga maji." Alipokiondoa alikuwa na kijani cha mlango kwenye ncha ya pua. Walimletea kitambaa akakataa. Alikula chakula cha jioni hivyo hivyo.

Mwisho wa barua binti aliuliza swali moja la kiutaratibu: je, picha hii itakauka lini, ili waitundike?

Nilimsomea mke wangu, kwa sababu safari hii nilikuwa na busara ya kumuuliza kabla ya kujibu. Alikuwa anachambua mchele.

"Waambie wasiitundike," alisema. "Wamwachie mwenyewe."

Nikaandika hivyo. Kisha nikafungua daftari, safu ya siku za kukauka, nikaweka tarehe ya barua na neno "bado", nikaacha nafasi.